Sura ya Sita: Delphine Seyrig na Haki ya Kuuliza

Waandishi wa historia ya sinema ya Ufaransa wana desturi ya kumkata Delphine Seyrig vipande viwili. Kipande cha kwanza ni mwigizaji, yule mwanamke wa filamu ya Alain Resnais ya mwaka 1961, L'Année dernière à Marienbad, anayepita katika kumbi za hoteli ya kifahari akiwa amevaa mavazi ya Chanel na kusema kwa sauti ambayo wahakiki hawajachoka kuisifu hadi leo. Kipande cha pili ni mwanaharakati wa miaka ya 1970, aliyepigania haki ya wanawake kutoa mimba na kujifunza kutumia kamera ya video. Mwigizaji hupewa sura nzima. Mwanaharakati hupewa aya moja, tena yenye sauti ya masikitiko, kana kwamba siasa ilimwibia msanii mkubwa miaka yake bora. Sura hii inashikilia kinyume chake. Seyrig aliongoza filamu kwa sababu alikuwa mwigizaji, na kwa sababu alikuwa ameielewa kazi hiyo kuliko wengi waliomwajiri. Filamu yake kubwa, Sois belle et tais-toi, yaani "Pendeza, unyamaze", ni ushahidi wa wafanyakazi juu ya kazi yao, uliokusanywa na mwenzao aliyejua maswali ya kuwauliza. Aliyesomea sheria au sosholojia asingeweza kuitengeneza, hata angekuwa na hasira kiasi gani.

Malezi yake yanaeleza kiasi, ingawa hayaelezi yote. Alizaliwa Beirut tarehe 10 Aprili 1932, Lebanoni ikiwa bado chini ya usimamizi wa Ufaransa. Baba yake, Henri Seyrig, alikuwa mwanaakiolojia aliyesimamia mambo ya kale ya Syria na Lebanoni. Mama yake, Hermine de Saussure, alitoka katika ukoo wa wasomi wa Geneva, huo huo uliomtoa mwanaisimu Ferdinand de Saussure, na ujanani alikuwa baharia aliyesafiri Mediterania kwa mashua ya tanga na rafiki yake Ella Maillart, wakati ambapo mabinti wa familia za namna hiyo walitegemewa kukaa nyumbani wakingoja posa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili baba alikuwa upande wa Ufaransa Huru ya de Gaulle, na familia ikaishi New York. Kwa hiyo Delphine alikua na Kiingereza na Kifaransa kwa pamoja, jambo litakalokuwa na uzito baadaye atakapowahoji waigizaji wa Marekani.

Uigizaji alijifunza kwanza Ufaransa, kwa Jean Dasté huko Saint-Étienne na kisha Strasbourg, katika majumba ya maonyesho ya mikoani yaliyoanzishwa baada ya vita ili sanaa isiwe mali ya Paris peke yake. Mwaka 1956 alirudi New York pamoja na mumewe, mchoraji Jack Youngerman, akahudhuria mafunzo ya Lee Strasberg katika Actors Studio. Wanaomsifu kwa umbo na sauti huliruka jambo hili, nalo ni la msingi. Shule ya Strasberg ilimfundisha mwigizaji kutokubali tendo lolote lisilo na sababu: kwa nini mhusika anainuka, anataka nini, anatoka wapi. Mwigizaji wa shule hiyo huja kazini na maswali mengi, na mwongozaji asiye na majibu humwona msumbufu. Seyrig alibaki na tabia hiyo maisha yake yote. Tofauti ni kwamba baada ya miaka kumi na tano hivi aliacha kuwauliza waongozaji kuhusu mhusika, akaanza kuuliza kuhusu sinema yenyewe.

Resnais alimwona akiigiza jukwaani New York katika tamthilia ya Ibsen, akamchukua kwa ajili ya Marienbad. Filamu ilishinda Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice mwaka 1961, na Seyrig akawa maarufu ndani ya siku chache. Inafaa kuitazama upya filamu hiyo kwa jicho kavu. Mhusika wake hana jina. Katika andiko la Alain Robbe-Grillet anaitwa A. Mwanamume anamfuata katika kumbi na bustani akisisitiza kwamba walikutana mwaka uliopita, kwamba walipendana, kwamba alimwahidi kuondoka naye. Yeye anakana, anasita, anaanza kutilia shaka akili yake mwenyewe. Kwa zaidi ya saa moja na nusu, mwanamume anamsimulia mwanamke kumbukumbu zake yeye mwanamke. Wahakiki waliona ndani yake fumbo la wakati na ukumbusho, na hawakukosea. Lakini mwigizaji aliyesimama siku baada ya siku akielezwa na sauti ya mtu mwingine alichohisi na alichotaka anaweza kujifunza jambo lisilohusu falsafa ya wakati hata kidogo.

Dalili ya kwanza kwamba hakutaka kubaki sanamu ilikuja haraka. Katika Muriel, filamu iliyofuata ya Resnais, alicheza Hélène, mjane anayeuza samani za kale ndani ya nyumba yake mwenyewe huko Boulogne-sur-Mer, mcheza kamari mwenye madeni, mwanamke aliyempita umri kwa miaka mingi, asiye na kitu cha kifahari. Venice ikampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1963. Hata hivyo wengi wa waliomwita baada ya hapo walimtaka yule wa Marienbad. Alikuwa malkia wa damu katika Les Lèvres rouges ya Harry Kümel na mlezi mwenye nguvu za kichawi katika Peau d'âne ya Jacques Demy. Katika Baisers volés ya François Truffaut, mwaka 1968, mhusika wake anamwambia kijana anayemhusudu kwamba yeye si mzuka, ni mwanamke. Tukio hilo husifiwa sana, na lina haki ya kusifiwa. Ila nalo liliandikwa na wanaume, na linatokea ili kijana akue.

Mwaka 1971 alitia sahihi tamko la wanawake 343 lililochapishwa na gazeti la Le Nouvel Observateur, ambamo kila mmoja alikiri kuwa aliwahi kutoa mimba, wakati kitendo hicho kilikuwa kosa la jinai. Mwaka uliofuata aliifungua nyumba yake Paris ili Mmarekani Harvey Karman aje kuonyesha njia mpya, nyepesi na salama zaidi, ya kutoa mimba. Akatoa pia ushahidi katika kesi ya utoaji mimba ya Bobigny, ambayo wakili Gisèle Halimi aliigeuza kuwa kesi dhidi ya sheria yenyewe. Sheria ilibadilika Januari 1975. Historia hii imeelezwa vizuri na wengine. Linalotuhusu hapa ni kwamba Seyrig alishiriki kwa jina na sura yake, yaani kwa mtaji alioupata kwenye skrini. Kufikia hapo alikuwa bado anafanya siasa mahali pamoja na sanaa mahali pengine. Kilichoziunganisha ni mashine.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Sony ilitoa Portapak, kamera ya video ya kubebeka iliyounganishwa na kinasa cha kuning'inia begani. Picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, zenye ukungu, na kila utepe ulijaa mapema. Kwa mtu wa sinema ya kawaida kilikuwa kifaa cha dharau. Lakini mtu mmoja aliweza kukibeba na kukiendesha, sauti na picha vilinaswa kwa pamoja, hakuna maabara iliyohitajika, utepe ulifutika na kutumika tena, na aliyerekodiwa aliweza kujitazama papo hapo na kusema kama ameridhika au la. Carole Roussopoulos, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini Ufaransa kununua kifaa hicho, aliitumia sifa hiyo ya mwisho kwa ustadi mkubwa. Makahaba wa Lyon walipokalia kanisa la Saint-Nizier mwaka 1975, alirekodi maneno yao ndani, na kanda ikaonyeshwa kwenye skrini zilizowekwa nje, wapita njia wakawasikiliza bila wanawake hao kulazimika kutoka na kukabili polisi. Seyrig alijiunga na mafunzo ya video ya Roussopoulos pamoja na rafiki yake wa tangu ujana, Ioana Wieder, na kikundi chao wakakiita Les Insoumuses. Kazi zao za mwanzo ni fupi na kali. Katika S.C.U.M. Manifesto 1967, wanawake wawili wamekaa mezani, Seyrig anasoma kwa sauti kitabu cha Valerie Solanas ambacho hakikupatikana tena madukani kwa Kifaransa, Roussopoulos anapiga chapa, na kati yao televisheni inaonyesha habari za vita.

Ya kuchekesha kuliko zote ni Maso et Miso vont en bateau ya mwaka 1976. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza 1975 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, na tarehe 30 Desemba televisheni ya Ufaransa ikarusha kipindi cha Bernard Pivot cha kuuaga mwaka huo kwa mzaha. Wanaume waliletwa mbele ya Françoise Giroud, waziri mdogo aliyeshughulikia hali ya wanawake, wakatoa kejeli zao moja baada ya nyingine, na waziri mara nyingi akacheka nao. Kikundi kilikirekodi kipindi hicho kikakikatakata: kinakisimamisha, kinarudia sentensi, kinachomeka maandishi ya mkono yanayomjibu msemaji, kinamwekea wimbo. Mwishoni yanaonekana maandishi yanayosema kwamba hakuna picha ya televisheni itakayowaakisi wanawake hawa, na kwamba watajisimulia wenyewe kwa video. Leo, ambapo kijana yeyote mwenye simu anaweza kukata hotuba ya mwanasiasa na kuichomekea majibu, mbinu hiyo ni ya kila siku. Mwaka 1976 ilikuwa mpya kiasi kwamba haikuwa na jina.

Sois belle et tais-toi ni kazi ya namna nyingine, na ndiyo inayoubeba uzito wa hoja yangu. Seyrig alichukua jina lake kutoka filamu ya vichekesho ya Marc Allégret ya mwaka 1958. Kati ya 1975 na 1976, huko Los Angeles na Paris, alikaa na waigizaji wa kike zaidi ya ishirini na kuwauliza maswali yaliyofanana, Roussopoulos akiwa nyuma ya kamera. Wamo Jane Fonda, Ellen Burstyn, Shirley MacLaine, Louise Fletcher, Maria Schneider, Juliet Berto, Anne Wiazemsky, Barbara Steele, Maidie Norman. Baadhi walikuwa kileleni. Wengine wakati huo walikuwa wamesahaulika nusu. Maswali yake si ya mwandishi wa gazeti. Hawaulizi kuhusu wapenzi wao wala siri za urembo. Anauliza: ungekuwa mwanamume, ungechagua kazi hii? Umewahi kucheza tukio lenye upendo au urafiki na mwanamke mwenzako? Ni maswali yanayotoka ndani ya ufundi, na hasa hilo la pili lingeweza kuulizwa tu na mtu aliyepitia maandiko mengi ya filamu akitafuta tukio kama hilo bila kulipata. Miaka kumi baadaye, mwaka 1985, mchoraji wa katuni wa Marekani Alison Bechdel angechora kipimo kinachojulikana sasa duniani kote, cha kuuliza kama filamu ina wanawake wawili wanaozungumza juu ya jambo lisilo mwanamume. Seyrig alikuwa ameshalirekodi jibu kwenye utepe, kwa vinywa vya waliohusika.

Jibu hilo, likirudiwa kinywa hadi kinywa, ndilo linaloifanya filamu iwe nzito. Mmoja baada ya mwingine wanafikiri, wanatazama juu, wanajaribu kukumbuka, kisha wanasema hapana, au karibu hapana. Walikuwa wameshacheza mahasimu wa wanawake wengine, wakigombea mwanamume au cheo. Urafiki hawakuucheza. Fonda anasimulia siku zake za mwanzo katika studio ya Warner Brothers: walivyompaka vipodozi hadi alipojitazama kwenye kioo asijitambue, walivyotaka nywele zake ziwe za rangi ya dhahabu, walivyopendekeza taya livunjwe ili mashavu yabonyee, na matiti ya bandia aliyotakiwa kuvaa. Anayasimulia kwa Kifaransa, kwa utulivu, akitabasamu kidogo, mithili ya fundi anayeeleza jinsi mashine ilivyomkata kidole. Maria Schneider, aliyekuwa na miaka 19 alipocheza Last Tango in Paris, anaeleza kwamba majukumu anayoletewa ni ya vichaa na wauaji. Muongo mmoja uliopita dunia ilishtuka kusikia jinsi alivyotendewa katika filamu hiyo, watu wakajiuliza kwa nini hakusema mapema. Alisema. Swali la haki zaidi ni nani alikuwa tayari kumsikiliza, na mwaka 1976 mmoja wa wachache hao alikuwa mwigizaji mwenzake mwenye kamera ya video.

Hapa pingamizi la kwanza linajileta: hii ni filamu kweli? Nyuso zinaongea kwa karibu saa mbili, mwanga hafifu, picha inatetemeka, hakuna muziki, hakuna tukio. Mwongozaji yuko wapi? Ninalikubali pingamizi hili nusu. Anayetafuta uzuri wa picha aliouzoea kwa Resnais hataupata, na zipo sehemu ambapo filamu inarefuka bila sababu. Lakini uongozaji ni uamuzi, na maamuzi ya Seyrig yanaonekana. Ameamua kutokata ukimya: mtu anapotafuta jibu, kamera inangoja, na sisi tunaona fikra zikifanya kazi katika nyuso ambazo sinema ilikuwa imezizoea kama pambo. Ameamua kutojiweka mbele ya kamera, yeye ambaye uso wake ungeuza filamu hiyo haraka kuliko wowote. Na waigizaji wanapozungumza Kiingereza, sauti inayotafsiri kwa Kifaransa juu ya maneno yao ni yake mwenyewe. Ile sauti iliyoabudiwa tangu Marienbad inafanya kazi ya mkalimani, inasema maneno ya wengine ili yafike. Mimi sioni uamuzi wa kisanii ulio wazi kuliko huo.

Kulinganisha kunasaidia. Mwaka huo huo wa 1976 Jeanne Moreau, mwigizaji mwenye jina kubwa kuliko Seyrig, alitoa filamu yake ya kwanza kama mwongozaji, Lumière, hadithi ya kubuni kuhusu waigizaji wa kike na urafiki wao. Ni kazi nzuri, yenye heshima kwa wanawake wake. Moreau alikwenda kwenye kiti cha mwongozaji kama alivyokikuta, pamoja na bajeti yake, andiko lake na utaratibu wake wa amri, akathibitisha kwamba mwanamke anakiweza. Seyrig hakuwa na hamu ya kuthibitisha hilo. Alitaka kujua waliokaa upande wa pili wa kiti hicho wamejifunza nini. Sidai kwamba njia yake ni bora kwa kila mtu. Nadai kwamba haikuwa njia ya mtu aliyeshindwa kupata ile nyingine.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo ni la tabaka. Hawa ni nyota. Binti wa mwanaakiolojia na wa ukoo wa Saussure anawahoji wanawake wenye nyumba za kifahari California juu ya mateso yao, wakati viwanda vya Ufaransa vimejaa wanawake ambao hakuna anayewauliza lolote. Ni kweli kwamba Seyrig alikuwa na nafasi. Aliweza kukosa mkataba bila kukosa chakula, na aliufungua mlango wa Fonda kwa sababu walikuwa wameshacheza pamoja katika A Doll's House ya Joseph Losey mwaka 1973. Lakini pingamizi linadhani kwamba ushahidi wa aliye juu hauna thamani, na hapo linakosea. Kama mwanamke mwenye jina la baba maarufu anaweza kuambiwa taya lake livunjwe, basi tunajua nguvu ya mfumo ule kwa kipimo chake cha juu kabisa. Tena filamu haikuishia kwa weupe wenye majina. Maidie Norman, mwigizaji Mmarekani mweusi aliyecheza mtumishi katika What Ever Happened to Baby Jane? ya mwaka 1962, anazungumza juu ya kile Hollywood ilichomtengea mwanamke mweusi, na anapozungumza malalamiko ya wengine yanapata vipimo vyake. Seyrig aliyaacha maneno hayo yakae bega kwa bega na ya Fonda. Na tusisahau kwamba alishatengeneza kanda ya kumtetea Inês Etienne Romeu, mfungwa wa kisiasa wa Brazili, mwaka 1974, kabla hajawahoji nyota wowote.

Ipo pia lawama ya chini chini, ambayo haiandikwi sana lakini husikika: kwamba alikosa shukrani, kwamba wanaume hao hao aliowashitaki ndio waliomfanya awe Delphine Seyrig. Jibu lake liko kwenye kazi zake za wakati huo huo. Mwaka 1975 zilitoka filamu mbili zilizomtumia kwa namna ambayo hakuna mwanamume aliyekuwa ameifikiria, zote mbili zimeongozwa na wanawake: India Song ya Marguerite Duras, na Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles ya Chantal Akerman, Mbelgiji aliyekuwa na miaka 25. Katika hii ya pili, yenye zaidi ya saa tatu, mwanamke aliyedhaniwa kuwa malkia anamenya viazi, anaosha vyombo, anatandika kitanda, anapokea wanaume kwa malipo mchana, na hakuna hatua inayorukwa. Sami Frey, mwenzi wake, alirekodi maandalizi kwa video, na katika kanda hiyo tunamwona Seyrig akimdai Akerman sababu ya kila tendo, hata la kuchana nywele, wakati Akerman anataka tu lifanyike kwa mwendo fulani. Wanabishana, wanavutana, na filamu inatokea katikati ya mvutano huo. Mwaka 2022 jarida la Uingereza la Sight and Sound lilipowauliza wahakiki zaidi ya 1,600, Jeanne Dielman ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya filamu bora za wakati wote, ya kwanza ya mwanamke kufika hapo. Kwa hiyo anayesema kwamba harakati zilimharibu mwigizaji anapaswa kueleza jinsi kazi yake kubwa kuliko zote ilivyotoka katikati ya miaka ya harakati.

Bado kuna hesabu ya kazi. Mwongozaji wa filamu moja ndefu, iliyorekodiwa kati ya 1975 na 1976 na kuchelewa kufika kwa watazamaji hadi 1981, anastahili kuitwa mwongozaji? Sehemu ya jibu ni huzuni tu. Alitaka kutengeneza filamu ya kubuni kutokana na barua ambazo Calamity Jane, mwanamke wa hekaya za magharibi ya Marekani, inasemekana alimwandikia bintiye. Barua zenyewe wanahistoria wanazitilia shaka, lakini kwa sinema hilo si tatizo kubwa. Mwaka 1983 alikwenda Montana na Babette Mangolte, mpiga picha wa Jeanne Dielman, wakarekodi utafiti wao. Fedha za filamu hazikupatikana. Mangolte alikuja kuzitoa picha hizo kama filamu mwaka 2020, na anayeitazama anaona mwongozaji aliyekuwa tayari, akingoja kibali cha watu wa fedha.

Sehemu ya pili ya jibu ni kwamba nguvu zake alizielekeza pengine. Mwaka 1982 Seyrig, Roussopoulos na Wieder walianzisha Paris Kituo cha Simone de Beauvoir cha picha na sauti, kwa ajili ya kukusanya, kuhifadhi na kutengeneza filamu na video za wanawake na kuhusu wanawake. Mwandishi mwenyewe aliyekipa jina alikuwa hai na alikiunga mkono. Watengenezaji wa video wa kizazi chao walikuwa na desturi ya kufuta kanda ili kurekodia tena, na tepe za sumaku huharibika; bila hifadhi, kazi yote ya miaka ya 1970 ingeyeyuka. Kituo pia kilitengeneza filamu zake. Wanawake wa dunia walipokutana Nairobi mwaka 1985 kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofunga muongo wao, Françoise Dasques alikuwepo na kamera, na filamu yake ya mkutano huo ilitoka katika kituo hicho. Mwanzilishi wa taasisi kama hii hahesabiwi katika orodha za waongozaji, na mimi naona orodha hizo ndizo zenye kasoro. Mtu anayehakikisha kwamba ushahidi hautafutwa anafanya sehemu ya kazi ya mwongozaji ambayo wenye studio huwaachia makarani.

Juu ya matokeo tuwe wakweli: Sois belle et tais-toi haikuibadilisha sinema ilipotoka. Iliwafikia wachache. Ilichofanya ni kuwabadilisha baadhi ya walioshiriki au angalau kuandamana nao. Juliet Berto, anayeeleza mbele ya kamera hamu ya kazi tofauti, alifika Cannes mwaka 1981 na Neige, filamu aliyoiongoza pamoja na Jean-Henri Roger. Anne Wiazemsky akawa mwandishi wa riwaya. Seyrig mwenyewe, katika muongo wake wa mwisho, alifanya kazi zake za sinema zenye uzito na wanawake, Akerman katika Golden Eighties, Mjerumani Ulrike Ottinger katika Freak Orlando na Johanna d'Arc of Mongolia. Alifariki Paris kwa saratani tarehe 15 Oktoba 1990, akiwa na miaka 58. Kituo kilifungwa miaka michache baadaye kwa kukosa fedha, kikafunguliwa tena karne hii, na kumbukumbu zake ndizo zilizomwezesha Callisto McNulty, mjukuu wa Roussopoulos, kutengeneza Delphine et Carole, insoumuses mwaka 2019. Kufikia hapo, habari za Oktoba 2017 kuhusu unyanyasaji wa kingono wa mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein zilikuwa zimewafanya watu wengi wawe tayari kusikia yale ambayo waigizaji wale walikuwa wameyasema miaka arobaini kabla.

Msomaji anayetaka kumjua Seyrig augeuze utaratibu wa vitabu. Aanze na Sois belle et tais-toi, ambayo ilisafishwa na kurudi kwenye kumbi za Ufaransa mwaka 2023. Afuatishe Jeanne Dielman, kwa siku asiyo na haraka. Na Marienbad aiweke mwisho.